Gari Lisilotiwa Ufunguo: Nani Abebe Hasara?

Sayansi ni mtumishi wa binadamu, lakini mtumishi asiyechungwa huweza kumfungulia mwizi mlango. Ndivyo yalivyo magari yafungukayo na kuwaka huku ufunguo ungali mfukoni mwa mwenyewe.

Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya uliwalazimisha wenye viwanda kutia katika magari mapya kifaa kizuiacho injini kuwaka bila ufunguo wake halisi. Kisha viwanda vikaleta raha mpya: gari huita kwa mawimbi ya redio, ufunguo huitikia, mlango hufunguka. Wezi nao wakauona udhaifu. Mmoja husimama kando ya nyumba na chombo cha kunasa mawimbi, mwenzake kando ya gari. Gari hudanganyika kwamba ufunguo u karibu. Mwaka 2011 wataalamu wa ETH Zurich, Uswisi, walitangaza kwamba waliyajaribu magari ya aina 10, na yote yakadanganyika.

Hata hivyo biashara iliendelea, na mnunuzi akashauriwa aufiche ufunguo katika kopo la bati! Mwaka 2025 Serikali ya Uingereza ilipeleka Bungeni muswada wa kuwaadhibu wanaomiliki vyombo hivyo katika hali ya kushukiwa kuvitumia kwa wizi. Ni hatua njema, lakini humgusa mwizi tu.

Magari ya namna hiyo, yakishatumika Japani, huteremshwa Dar es Salaam, na mtumishi au mwalimu huyanunua kwa mkopo. Dawa ipo: ufunguo upimao muda wa safari ya mawimbi na kutambua umbali. Aliyeuza mlango mbovu ndiye apaswaye kuutengeneza, wala si mnyonge aliyeununua.