Sema Sori, Shikaneni Mikono

Somo la kwanza la amani analopata mtoto wa Kenya darasani huchukua kama sekunde kumi. Watoto wawili wa PP1 wamegombania gari la plastiki. Mmoja amesukumwa, mwingine ameng'atwa, wote wanalia. Ticha ana wengine zaidi ya thelathini wa kuangalia na uji bado haujagawanywa. Anawavuta wote wawili mbele: "Wewe, sema sori. Na wewe, sema sori. Shikaneni mikono. Haya, kila mtu akae kwa kiti chake, sitaki kusikia kelele." Gari linafungiwa kabatini. Kesi imeisha.

Imeisha kwa nani? Hakuna aliyeuliza gari lilikuwa na nani kwanza. Aliyenyang'anywa amejifunza kwamba ukilalamika unapoteza hata kile kidogo ulichokuwa nacho. Aliyenyang'anya amejifunza kwamba kuna neno moja fupi linalofuta kila kosa, na si lazima ulimaanishe. Darasa zima limejifunza kwamba amani ni ticha kutosikia kelele.

Mimi nasema hivi: tunachofundisha kwenye nasari zetu tukiita amani ni kunyamaza. Na mtoto aliyefunzwa kunyamaza akiwa na miaka minne hajafunzwa kuishi na mwenzake. Amefunzwa kungoja zamu yake ya kuwa na nguvu.

Si lawama kwa ticha. Yeye mwenyewe alilelewa hivyo, na nchi nzima pia. Wazazi wetu waliimbiwa amani, upendo na umoja wakinywa maziwa ya Nyayo, wakati huo huo watu wakiteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House kwa sababu ya maoni yao. Februari 28, 2008, baada ya watu zaidi ya 1,100 kuuawa, Kibaki na Raila walitia sahihi mkataba na kupeana mikono mbele ya Harambee House. Machi 9, 2018, kwenye ngazi zile zile, ikawa zamu ya Uhuru na Raila, na tukapata neno jipya la Kiswahili: handisheki. Katikati ya mikono hiyo miwili kulikuwa na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyomkabidhi rais ripoti yake mwaka 2013. Ripoti hiyo iko wapi? Kabatini, pamoja na gari la plastiki. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Sisi tumefunika kombe mpaka mwanaharamu amehamia ndani.

Sasa twende Lukenya, mahali ambapo mambo haya yanaonekana kwa macho. Ukitoka Nairobi kwa Mombasa Road, ukipita Mlolongo na Athi River, kilima kinakuja chenye miamba ambayo watu wa mjini hupanda wikendi. Miaka michache tu nyuma, sehemu kubwa hapa ilikuwa nyasi na ng'ombe. Leo kuna vijiwe vya ploti, mageti ya kijani, Chuo Kikuu cha Daystar, na malori ya saruji. Wakamba ni wenyeji. Wamaasai wako ng'ambo tu, upande wa Kajiado, na wakati wa kiangazi mifugo haisomi ramani ya kaunti. Wafanyakazi wa viwanda vya saruji na wa EPZ ya Athi River wametoka kila kona ya nchi. Halafu kuna watu wa Nairobi waliokimbia kodi wakanunua hamsini kwa mia.

Watoto wa watu hawa wote wanahitaji nasari. Wengine wanapandishwa basi la manjano lenye mikanda, wengine wanabebwa wanne kwa boda boda moja. Huo tayari ni utengano, tena wa kulipia karo. Lakini kwenye zile nasari za mabati na za serikali ya kaunti, na hata kwenye akademia za bei ya kati, wanachanganyika. Mtoto wa soja wa geti anakaa kando ya mtoto wa mwenye geti. Nyumbani mmoja amesikia kwamba "watu wa kuja" wamemaliza mashamba. Mwingine amesikia kwamba "wenyeji" wanauza ploti moja kwa watu watatu. Wanakuja darasani na maneno hayo kama wanavyokuja na mafua.

Kumbuka pia Oktoba 2023, matingatinga yalipoingia huko huko Mavoko na kubomoa nyumba kwenye ardhi ambayo mahakama iliamua ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Watu wazima walibishana kuhusu hati na madalali. Sasa fikiria mtoto wa miaka minne aliyeangalia ukuta wa chumba chao ukianguka. Wiki inayofuata yuko darasani, amejenga nyumba kwa matofali ya plastiki, na mwenzake anapita akiipiga teke kwa mchezo tu. Anamrukia na kumng'ata. Halafu ticha anasema nini? Sema sori.

Najua mtaniambia: watoto ni malaika bana, hawajui ukabila. Hawajui neno ukabila, hiyo ni kweli. Lakini wanajua nani anachekwa akiongea na nani hachekwi. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, sera yetu imesema mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Na bado kwa miaka mingi shule ngapi zimemtundika mtoto kibao shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya mama yake? Angalia vile kile kibao kilifanya kazi. Ili kukitoa, ilibidi umvizie mwenzako akiteleza, umripoti, umvalishe yeye. Tulichukua watoto tukawafanya majasusi wa lugha, halafu wakifika miaka ishirini tunawauliza kwa mshangao nani aliwafundisha kuchukiana.

Mtaniambia tena: sisi tulichapwa na tukawa watu. Samaki mkunje angali mbichi, si ndio? Sawa. Lakini kumkunja samaki si kumvunja. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Katiba ya 2010, ibara ya 29, ikakataza adhabu ya viboko kwa mtu yeyote. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kikakataza viboko pamoja na mateso ya kisaikolojia kwa mwanafunzi. Yaani sheria tatu zinasema kitu kimoja, na bado kuna nasari ambapo fimbo inakaa juu ya kabati, mahali kila mtoto anaiona. Kazi yake kubwa si hata kuchapa. Kazi yake ni kueleza, bila maneno, kwamba ugomvi huamuliwa na mwenye fimbo.

Na Machakos, kati ya kaunti zote, ndiyo haina ruhusa ya kusahau. Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli liliteketea na wavulana 67 wakafa. Moto huo uliwashwa kwa makusudi. Mazishi yakiwa bado hayajafanyika, nchi ikaanza kusikia malalamiko yaliyokuwa yamekaa muda mrefu ndani ya shule ile. Sisemi kwamba Kyanguli ilianzia chekechea. Moto kama ule una sababu nyingi, na wafu wale hawastahili kufanywa mfano mwepesi. Ninachosema ni hiki: kila shule inapoungua, na mwaka 2016 pekee ziliungua zaidi ya mia moja, tunaunda kamati kuuliza kwa nini vijana hawakuongea. Hatuulizi ni lini mara ya mwisho walipoongea wakasikilizwa. Kijana wa Kidato cha Tatu aliyejaa hasira, asiyejua kupeleka lalamiko mahali pakasikika, ana miaka kumi na miwili tangu PP1. Miaka yote hiyo alikuwa anaambiwa anyamaze.

Si kwamba serikali haijui. Mwaka 2008, damu ikiwa haijakauka, Wizara ya Elimu ilianzisha mpango wa elimu ya amani shuleni. Mwaka 2014 ikatoa sera nzima kuhusu jambo hilo. Mtaala wa umilisi, ule wa CBC, umeandika amani kati ya maadili yake. Karatasi tunazo. Lakini nenda uone amani hiyo inavyofika kwa mtoto: picha ya njiwa apakwe rangi, shairi la kukariri siku ya wazazi, na wimbo wa kuwaimbia wageni wa heshima. Amani imekuwa somo la kupigwa makofi.

Kuna njia nyingine na ina ushahidi. Kati ya 1962 na 1967, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan huko Marekani, watafiti walichukua watoto 123 Weusi wa familia maskini. Wengine waliingia nasari moja, iliyoitwa Perry, na wengine hawakuingia. Nasari hiyo haikuwa na maajabu: watoto walipanga wenyewe watacheza nini, wakacheza, wakaeleza walichofanya, na walimu wakawatembelea nyumbani kila wiki. Wakafuatiliwa hadi umri wa miaka 40. Kati ya wale ambao hawakwenda, asilimia 55 walikuwa wamekamatwa na polisi mara tano au zaidi. Kati ya waliokwenda, ilikuwa asilimia 36. Ni utafiti mdogo, na bado Marekani ni Marekani. Lakini unatuambia kwamba kinachofanyika kwenye mkeka wa nasari kinafika hadi kituo cha polisi.

Waliouendeleza mtindo huo wana utaratibu wa ugomvi wa watoto ambao hauhitaji projekta wala mfadhili. Ticha anachuchumaa afike kimo cha watoto. Anazuia mikono, anashika lile gari yeye mwenyewe kwa muda. Anataja anachokiona: "Umekasirika. Na wewe umeumia." Anamwuliza kila mmoja nini kimetokea, na anasikiliza mpaka mwisho. Anarudia kwa maneno mepesi: "Kwa hivyo gari ni moja na nyinyi ni wawili." Halafu anauliza, "Tufanyeje?" Na hapo ndipo kazi ngumu, maana lazima angoje. Mtoto atasema, "Yeye azungushe mara tatu, halafu mimi mara tatu." Ukiwa mtu mzima unaona huo ni uamuzi wa kijinga, lakini ni wao wameutoa, na watausimamia kuliko amri yako yoyote. Baadaye ticha anarudi kuona kama umeshika. Sori ikija, inakuja yenyewe.

Na msiniambie haya ni mambo ya wazungu. Wazee wa Ukambani walipokaa kwenye nzama, hawakuanza kwa kuwashikanisha watu mikono. Walisikiliza huyu, wakasikiliza yule, na mikono ilikuja mwisho. Tuliokata sehemu ya katikati ni sisi, kwa haraka zetu.

Ila utaratibu huo unachukua dakika tano, na dakika tano ndizo ticha hana. Elimu ya msingi ya bure ilipokuja 2003, nasari iliachwa nje. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ikaikabidhi kaunti. Kaunti zikagundua kwamba darasa lina faida ambayo mwalimu hana: unaweza kulipaka rangi ya chama, ukakata utepe, ukapigwa picha. Mwalimu wa ECDE hakatwi utepe. Yeye anapewa mkataba, mshahara wa kusikitisha na umati wa watoto, halafu tunamdai awalee raia. Mtu ambaye mwajiri wake hamsikilizi utamtarajia awafundishe wengine kusikilizana?

Kwa hivyo madai yangu si ya njiwa. Moja, kila mwalimu wa nasari afundishwe kusuluhisha ugomvi wa watoto kwa vitendo, si kwa semina ya chai na mandazi. Mbili, watoto wapunguzwe kwa kila mwalimu hadi idadi ambayo mtu mmoja anaweza kuwajua kwa majina na kwa machozi yao. Tatu, mwalimu huyo aajiriwe kwa kudumu na kulipwa kama mtu anayefanya kazi ngumu kuliko ya mhadhiri. Nne, fimbo na vibao vya shingoni vitoke, na mwenye shule anayevificha ashtakiwe, kwa kuwa sheria ipo.

Wengi wenu mnaosoma hapa mlikuwa barabarani Juni 2024. Mliuliza maswali kuhusu mswada wa fedha, na mkaambiwa mtunze amani. Mnakumbuka vile neno hilo lilisikika midomoni mwa waliolisema: lilimaanisha rudini nyumbani, nyamazeni. Neno hilo hilo, kwa maana hiyo hiyo, ndilo wadogo zenu na watoto wenu wanafundishwa asubuhi hii, Lukenya na kwingineko. Na wengi wenu mtahamia ploti hizo hizo za Mombasa Road siku moja. Mkienda kutafuta nasari, msianze na kuuliza kama kuna bwawa la kuogelea. Ulizeni watoto wawili wakipigana hapa, nini kinafuata, kisha mwombe kukaa nyuma ya darasa asubuhi moja mjionee. Na kwa sababu mzazi wa nasari ya mabati hana nafasi ya kuchagua, kaunti ikiita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, nendeni. Barabara itatajwa, maji yatatajwa. Simameni mtaje mwalimu wa PP1, na msikubali kukalishwa kabla hamjajibiwa.