Watoto Walionyamaza Mwaka wa Korona



Yapo mambo ya mwaka 2020 ambayo sisi watu wazima tumekwisha kuyasahau, ilhali watoto wetu wangali wameyabeba. Aliyekuwa mdogo wa miaka 4 wakati ule sasa amevuka umri wa kuamrishwa swala, na aghalabu hakuna aliyewahi kumuuliza miezi ile aliipitisha vipi moyoni mwake.

Chukueni Mji wa Kale, Mombasa. Tarehe 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani, serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka mtaani humo, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi Juni. Skuli zilikuwa zimefungwa tangu Machi, na madrasa vilevile. Mtoto wa huko uwanja wake ni baraza na kichochoro. Vyote viwili akakatazwa. Idi ya tarehe 24 Mei ikamkuta ndani, hana pa kwenda kupokea mkono wa Idi, na wengine wakaambiwa wasimsogelee bibi wasije wakamuua kwa maradhi.

Hatuilaumu hatua yenyewe. Kutoingia wala kutotoka penye tauni ni mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.). Tunalolalamikia ni kwamba ukimya wa watoto tuliuita subira na adabu njema.

Mtoto mdogo hana maneno ya huzuni. Huzuni yake hutokea kwingine: aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena, humng'ang'ania mama hata mlangoni mwa choo, huota ndoto mbaya, hukasirika bila sababu. Baya zaidi, mtoto wa umri huo hudhani kila jambo limetokana naye. Bibi haji, basi ni kwa kuwa mimi mtukutu. Babu amekufa, basi ni kwa kuwa nilimkumbatia. Wangapi miongoni mwetu waliyajibu hayo kwa kiboko, au kwa kumpa simu anyamaze?

Wala si kwetu tu. Utafiti wa mwaka 2020 uliowahoji wazazi 1,143 wa Italia na Uhispania ulionyesha kuwa asilimia 85.7 waliona mabadiliko ya hisia na tabia kwa watoto wao. Na kifungo kwetu kilirefuka: wengi wa madarasa ya chini nchini Kenya hawakurudi skuli hadi Januari 2021, na wenzao wa Uganda hadi Januari 2022.

Mtume (S.A.W.), pamoja na mzigo wote wa umma, alipomwona Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik (R.A.), amehuzunika kwa kufiwa na kindege chake, alimuuliza habari za kindege hicho. Hakumwambia kuwa ni jambo dogo.

Basi wazazi, muulizeni mtoto, kwa upole na faraghani, anakumbuka nini. Mwambieni waziwazi kuwa hakuwa na kosa. Iwapo hofu na ndoto zingali zinamsumbua, mpelekeni kwa daktari pamoja na kumwombea dua, wala msione aibu. Na kwa familia ambazo watoto walibaki nyumbani babu akizikwa, wapelekeni makaburini baada ya swala ya leo. Waonyesheni kaburi, waambieni alikufa kwa maradhi gani na ni nani waliomswalia.