Mlezi wa mtoto: tumhesabie kama tulivyohesabiwa migodini

Muulize mzazi hapa Kambove anamlipa kiasi gani binti anayemlea mtoto wake. Atakutajia faranga anazompa mwisho wa mwezi, kisha ataongeza haraka: "Lakini anakula na kulala kwangu." Kwake hesabu imekwisha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo inapaswa kuanza.

Kambove ni mji wa migodi. Wazee wetu walifanya kazi Union Minière, kisha Gécamines baada ya kampuni kutaifishwa mwaka 1967. Wanakumbuka kwamba malipo hayakuwa pesa peke yake: kulikuwa na nyumba, posho ya unga, hospitali na shule ya watoto. Vyote hivyo walivihesabu kuwa haki ya mfanyakazi, si zawadi. Ndiyo maana hata leo tunalalamika kijana akichukuliwa mgodini bila mkataba wala matibabu. Tunalalamika kwa haki. Lakini jioni tukirudi nyumbani, sisi wenyewe ni waajiri.

Basi tushike kalamu. Mwaka 2018 mshahara wa chini uliwekwa kuwa faranga 7,075 kwa siku. Mwaka 2025 serikali iliupandisha hadi 14,500, ikapanga ufike 21,500 kuanzia Januari 2026. Tuchukue hizo 14,500 tu. Kwa siku 26 za kazi ni faranga 377,000 kwa mwezi. Mwajiri anapaswa kuongeza asilimia 13 kwa ajili ya CNSS, mfuko wa taifa wa usalama wa jamii: faranga 49,010. Jumla ni 426,010, na hapo bado hatujahesabu dawa akiugua. Kwa 21,500, mshahara peke yake unafika 559,000.

Halafu kuna saa. Sheria ya kazi inaweka saa 45 kwa wiki. Binti anayelala kwako anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha makala, na anapumzika saa tatu usiku mtoto akishalala. Hizo ni saa 16. Mtolee saa nne za kula na kukaa, zinabaki 12. Kwa siku sita ni saa 72. Saa 27 za ziada kila wiki, nani anazilipa? Sahani ya bukari?

Najua jibu litakalokuja. Mwalimu au muuguzi ataniambia kwamba mshahara wake mwenyewe haufiki mbali, na bila mlezi itabidi aache kazi. Ni kweli, na sitamdharau. Lakini umaskini wa mwajiri haufanyi kazi ya mwingine kuwa bure. Kama uwezo wako ni wa nusu siku, chukua nusu siku: binti aje asubuhi, saa saba mchana aende kwao au shuleni. Majirani wawili wenye watoto wadogo wanaweza kumlipa mlezi mmoja pamoja, na kila nyumba ikatoa sehemu yake. Mtoto akikua kidogo, shule ya watoto wadogo inapunguza saa zaidi.

Na awe mtu mzima. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yaliweka miaka 18 kuwa umri wa kufunga mkataba wa kazi. Mpwa wa miaka 12 aliyetolewa kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa, kisha akaonekana na mtoto mgongoni saa za masomo, si msaada wa ukoo. Ni mtoto anayelea mtoto.

Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanamwita mlezi "yaya". Kwetu Katanga, yaya ni ndugu mkubwa, mtu wa kuheshimiwa. Sisi tunasema binti huyu ni "mtu wa nyumbani", na undugu huo tunautumia kufuta deni lake. Mwisho wa mwezi huu, kaa naye mezani. Andikeni kwenye karatasi saa zake, siku yake ya mapumziko, mshahara na tarehe ya kulipwa. Kila mmoja abaki na nakala yake. Hicho ndicho tunachokidai migodini kila siku.