Valvu imebadilishwa, INR itapimwa wapi?

Upasuaji wa valvu za moyo sasa unafanyika hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Ni hatua kubwa. Kinachozungumzwa kidogo ni maisha ya mgonjwa akisharudi kijijini.

Aliyewekewa valvu ya chuma anameza warfarin maisha yake yote, kwa sababu damu huganda kirahisi kwenye valvu hiyo. Tumezoea kusema dawa hii "inafanya damu kuwa nyepesi". Sivyo hasa. Inazuia kazi ya vitamini K, hivyo ini halitengenezi vizuri protini nne za kugandisha damu: namba 2, 7, 9 na 10. Yaani tunamsababishia mgonjwa upungufu kwa makusudi. Upungufu ukizidi, anavuja damu, hata kichwani. Usipotosha, bonge la damu linaziba valvu au linakimbilia kwenye ubongo, na mtu anapooza.

Kinachoonyesha kama dozi iko sawa ni kipimo cha INR. Wengi hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3, baadhi ya valvu huhitaji zaidi kidogo. Kuna mashine ndogo inayotumia tone la damu la kidoleni, kama ile ya sukari, lakini vituo vingi vya afya havina. Mgonjwa anapanda basi hadi mkoani. Nauli ikikosekana, anameza dawa kwa kubahatisha.

Je, dawa mpya zisizohitaji kipimo hiki? Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi, ulikuta waliotumia rivaroxaban walifariki zaidi kuliko wa warfarin na dawa za kundi lake. Kwa valvu za chuma, majaribio ya dabigatran yalisitishwa mapema kwa madhara. Kwa maoni yangu basi, njia ya mkato haipo: mashine za INR zifike wilayani, na bima izilipie.

Kwako unayetumia warfarin: mchicha na kisamvu usiviache, ila kula kiasi kilekile kila wiki. Usinunue Flagyl, Septrin au diclofenac dukani bila kusema unatumia warfarin. Na mwanamke akikosa hedhi, aende kliniki siku hiyohiyo. Warfarin inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa wiki ya 6 hadi ya 12, lakini kuiacha mwenyewe ghafla kunaweza kuziba valvu.