Moshi wa taka haujui mpaka wa ploti

Ukitembea jioni katika mitaa mingi ya Nairobi, iwe ni Kayole, Kawangware au Kariobangi, utaona moshi mzito ukipanda kutoka kando ya barabara au nyuma ya ploti. Ni taka za nyumbani zinazochomwa: maganda ya ndizi, nepi za watoto, chupa za plastiki, viatu kuukuu na pakiti za maziwa. Anayechoma hudhani kwamba amesafisha. Ukweli ni kwamba amezitoa taka hizo ardhini na kuzitia katika mapafu ya jirani zake na ya watoto wake mwenyewe.

Msomaji, hoja yangu leo ni moja. Usafi wa mazingira hauwezi kuletwa na nyumba moja pekee, wala haufai kungojewa kutoka kwa serikali ya kaunti. Wanaoweza kuuleta ni watu wa ploti moja, yaani nyumba 10 au 20 zinazotumia lango moja, mtaro mmoja na hewa moja. Na pa kuanzia ni kuacha kuchoma taka.

Moshi huo una chembechembe ndogo ajabu, ambazo upana wake ni mikromita 2.5 au chini ya hapo. Unywele wa binadamu ni mnene kuzishinda karibu mara 30. Pua na koo haziwezi kuzichuja, hivyo hufika ndani kabisa ya mapafu na nyingine hupenya hadi katika damu. Ndiyo sababu madhara yake si kikohozi na pumu tu, bali pia maradhi ya moyo na kiharusi. Mwaka wa 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipunguza kiwango cha chembechembe hizi kinachopendekezwa, kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa.

Isitoshe, plastiki zenye klorini, kama zile za mabomba na ngozi za nyaya za umeme, hutoa sumu iitwayo dioksini zinapoungua. Sumu hiyo huweza kuleta saratani, na hukaa katika mafuta ya mwili kwa miaka mingi. Majivu nayo hubaki uani. Kuku wakidonoa hapo, sumu hurejea mezani ndani ya yai.

Wanaoumia zaidi ni watoto. Mtoto mchanga hupumua kiasi cha mara 40 kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Sisi madaktari wa mitaani twamjua vyema mtoto anayeletwa akikorota kifua, akatibiwa, akapata nafuu, kisha baada ya majuma mawili akarejeshwa na maradhi yale yale. Mara nyingi dawa haina kosa. Mtoto huwa amerudishwa kwenye moshi ule ule, na mama hulazimika kulipa tena na kupoteza siku nyingine ya kazi.

Najua utaniuliza, "Daktari, tutafanyaje na lori la taka halifiki kwetu?" Lalamiko hilo ni la haki. Jaa la Dandora lilianza kutumiwa mwaka wa 1975, na kufikia 2001 lilikuwa limetangazwa kuwa limejaa, lakini malori yaliendelea kumwaga taka humo kwa zaidi ya miaka 20 baadaye. Hata hivyo, iko kazi ambayo haihitaji lori.

Zaidi ya nusu ya taka za nyumba zetu ni maganda, majani ya mboga na mabaki ya chakula. Hizo ndizo zinazonuka, zinazoita nzi na panya, na zinazolowesha taka nyingine zote. Zitenge katika ndoo yake yenye kifuniko, nazo zitakuwa mboji. Wakazi wa Kibera wamekuza sukuma wiki katika magunia kwa miaka mingi, hivyo ukosefu wa shamba si kisingizio. Kinachobaki huwa kikavu na chepesi, na kinaweza kungoja juma zima bila kuudhi mtu. Chupa, vyuma na makaratasi vina wanunuzi. Nepi na vitu vingine visivyouzika vifungwe vizuri, na ploti nzima ichange pesa kumlipa mzoaji mmoja ambaye inajua anazipeleka wapi. Kutenga taka si mapenzi ya daktari tu. Ni agizo la Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022.

Jiko nalo lisisahauliwe. Wengi huwasha makaa kwa vipande vya plastiki kwa kuwa vinashika moto upesi. Tumia karatasi au vibanzi vya mbao, na uwashie nje. Lakini usidanganyike kwamba makaa yakishakuwa mekundu hatari imekwisha. Yanatoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo huua watu usingizini. Jiko la makaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala. Vilevile, loweka maharagwe usiku kucha na ufunike sufuria unapopika. Utatumia makaa machache, na moshi utapungua pamoja na gharama.

Je, jirani mkaidi atashawishiwaje? Si kwa kumfokea wala kumwaibisha. Itisheni mkutano mfupi, chagueni watu watatu wa kusimamia jambo hili, na mwombeni mwenye ploti atoe mapipa mawili. Kubalianeni sharti moja tu kwa mwezi wa kwanza: hakuna kuchoma taka. Wapeni watoto kazi ya kukumbusha, kwani mzazi huona haya kumkaidi mwanawe mbele za watu. Mwezi huo ukipita salama, ongezeni sharti la pili.

Wako watakaosema kwamba Wakenya hatubadiliki. Mbona basi tulibadilika? Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipoanza tarehe 28 Agosti 2017, wengi walidhani hatungeweza kwenda sokoni bila mifuko hiyo. Tulitafuta vikapu na viondo, na maisha yakaendelea.

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mmoja wetu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Haki hiyo tunaidai kwa kaunti, na tuendelee kuidai. Lakini jirani yako naye anaidai kwako. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hii haiuzwi katika duka la dawa. Jumamosi hii, kabla ya mtu yeyote kuwasha kiberiti, bisha mlango wa jirani mzungumze.