Mshauri wa Watoto Asiwe Mshika Kiboko

Msomaji aliyezoea kurasa hizi huenda akashangaa kutukuta shuleni safari hii. Tumezoea kuandika juu ya mashamba yaliyonyakuliwa, juu ya kura, juu ya mahabusu wanaokaa rumande muda mrefu bila kesi zao kusikizwa. Hayo ni mambo ya haki, na hakuna anayeuliza yanatuhusu nini. Lakini mtoto anayelala bwenini muhula mzima bila mtu mzima hata mmoja awezaye kumwambia kinachomsumbua moyoni, naye amenyimwa kilicho haki yake. Hana wakili, na mara nyingi hata maneno ya kueleza dhiki yake hana.

Tuseme wazi ni nini tunachokizungumzia. Hatuzungumzii “wenda wazimu”, wala ule mzaha wa watoto wa Nairobi wa kumwambia mwenzao apelekwe Mathari. Tunazungumzia sonona, yaani huzuni nzito inayodumu kwa majuma na kumwondolea mtu hamu ya chakula, ya masomo, na pengine ya kuishi. Tunazungumzia wasiwasi uliokithiri, na majeraha ya ndani ya mtoto aliyefiwa, aliyenajisiwa, au aliyeshuhudia mama yake akipigwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba katika kila vijana saba wa umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi 50, hao ni saba. Nao wanahesabiwa wapi? Mara nyingi wamo katika orodha nyingine kabisa: ya wavivu, ya watoro, ya wakorofi, na ya wale ambao kila mtihani ukikaribia huumwa na tumbo lisiloonekana na mganga yeyote.

Nchi yetu ya Kenya haiwezi kusema kwamba haikuonywa. Kamati ya Gachathi, mwaka 1976, ilikwisha kupendekeza ushauri nasaha uwe sehemu ya kazi ya shule. Mwaka 1999 viranja wanne waliteketezwa na wanafunzi wenzao katika shule moja ya Nyeri. Machi 2001 wavulana 67 walikufa katika bweni la Kyanguli, wilayani Machakos kama ilivyoitwa wakati huo. Shule zilipofunguliwa tena mwaka 2021, baada ya kufungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, mabweni yalianza kuungua tena mfululizo. Hatusemi kwamba kila moto huwashwa na mgonjwa. La hasha. Wako wanaochochewa, wako waovu, na ziko shule zenye usimamizi mbaya unaowachosha hata walio wazima. Lakini yeyote aliyekaa na wanafunzi baada ya moto kama huo atakuwa amesikia neno moja likirudiwa: tulisema, hatukusikizwa.

Mwaka huo huo wa 2001 serikali ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni. Katiba ya mwaka 2010 ikathibitisha kwamba hakuna mtu atakayeadhibiwa kikatili au kwa namna ya kumdhalilisha, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaongeza kwamba mateso hayo hayaruhusiwi, yawe ya mwili au ya nafsi. Sheria hizo ni njema na tunaziunga mkono. Hata hivyo, mwalimu aliambiwa aweke kiboko chini bila kupewa kitu kingine mkononi. Aliambiwa atumie ushauri nasaha. Nani wa kuutoa? Katika shule nyingi aliteuliwa mwalimu mmoja, mara nyingi mama mwenye moyo wa huruma, akaachiwa vipindi vyake vyote vya kufundisha, asipewe chumba wala mafunzo ya kutosha, na akaitwa mkuu wa idara. Katika shule nyingine jambo lilirahisishwa zaidi: naibu wa mwalimu mkuu, msimamizi wa nidhamu, akatwikwa na ushauri pia.

Hapo ndipo tunapotaka kusimama, kwa maana tunaamini kosa kubwa liko hapo.

Tunamfahamu msichana mmoja, ambaye jina lake na shule yake tunavisitiri. Mama yake alifariki katikati ya mwaka. Aliporudi shuleni alianza kulala darasani, na alama zake zikaporomoka. Alipigishwa magoti nje ya darasa, kisha akapewa zamu ya kusafisha vyoo, na mwishoni, kwa nia njema, akapelekwa “kushauriwa”. Mshauri alikuwa yule yule aliyempigisha magoti, na chumba kilikuwa kile kile ambamo wazazi huitwa mtoto anapofukuzwa. Aliulizwa ana shida gani. Akajibu kwamba hana. Nani kati yetu angejibu vingine? Katika daftari la shule iliandikwa kwamba mwanafunzi ameshauriwa, na kwa daftari jambo likawa limekwisha. Yeye aliacha shule mwaka uliofuata.

Sisi tulio katika Kanisa tungepaswa kuwa wa kwanza kuliona kosa hili, kwa sababu hekima ya kulikwepa tunayo tangu zamani. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 985, zinamzuia gombera wa seminari, au mkuu wa taasisi ya elimu, asiungamishe wanafunzi wanaokaa katika nyumba yake, isipokuwa pale mmoja wao anapomwomba kwa hiari. Sababu yake haihitaji elimu kubwa. Mwenye mamlaka ya kukufukuza hawezi kuwa yule unayemfunulia moyo. Ushauri nasaha si sakramenti, wala hatutaki uchanganywe nayo. Lakini ikiwa Kanisa limemlinda hivyo mseminari, kwa nini mtoto wa kidato asilindwe kwa namna inayofanana?

Tunaongeza jambo moja juu ya siri, kwa kuwa wazazi wengi wametuuliza. Siri ya mshauri ina mipaka. Mtoto akieleza kwamba ananajisiwa, au kwamba anafikiria kujiua, mshauri hana ruhusa ya kunyamaza. Ni lazima achukue hatua ya kumwokoa. Uaminifu ni kumwambia mtoto jambo hilo mapema, kabla hajaanza kusema, asije akaona baadaye kwamba amesalitiwa. Kilichobaki, yaani ugomvi wa nyumbani, mapenzi ya ujana, hofu, aibu, kisifikishwe katika chumba cha walimu na kuwa maongezi ya wakati wa chai.

Wako wanaosema kwamba haya yote ni anasa za nchi tajiri. Ni kweli kwamba madaktari bingwa wa magonjwa ya akili ni wachache mno nchini, na wengi wao wako Nairobi na katika miji mikubwa. Kikosi kazi kilichoundwa na serikali kiliripoti mwaka 2020 na kupendekeza hali ya afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Lakini si kila msaada unahitaji daktari bingwa. Mwaka 2021 jarida la kitabibu la JAMA Psychiatry lilichapisha utafiti uliofanywa katika shule za sekondari hapa hapa Kenya, kwa wanafunzi 413 waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi. Sehemu yao walikutana katika vikundi vidogo kwa saa moja kila juma, majuma manne tu. Walizungumza juu ya uwezo wa mtu kubadilika na kukua, juu ya shukrani, na juu ya mambo ambayo kila mmoja anayathamini maishani. Wengine walikutana kwa muda ule ule wakafundishwa mbinu za kujisomea. Dalili zilipungua zaidi kwa wale wa kwanza, na tofauti hiyo ilikuwa ingali ikionekana miezi saba baadaye. Mpango huo uliitwa Shamiri, na waliouongoza walikuwa vijana waliotoka sekondari karibuni, waliopewa mafunzo mafupi na kusimamiwa. Vijana wa namna hiyo tunao katika kila parokia. Wanakaa nyumbani wakingoja kazi au chuo.

Tusidanganyike lakini. Vijana hao hawawezi kubeba kila mzigo. Mtoto anayesikia sauti zisizokuwepo, au aliyekwisha kujaribu kujitoa uhai, apelekwe hospitali, na apelekwe siku hiyo hiyo. Wapo miongoni mwetu wanaompeleka kwanza kwenye maombi ya kufukuza mapepo, na anapofika kwa daktari anakuwa amekwisha kuharibika. Kuomba si kosa. Kosa ni kumcheleweshea mgonjwa tiba, na mzazi anayefanya hivyo kwa malaria tungemkemea.

Juu ya kujiua tunapaswa kusema kwa uchungu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, tulichorithi kutoka utawala wa kikoloni, kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hata kumpeleka jela miaka miwili. Ni Januari 2025 tu Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Katika miaka yote hiyo, ni mtoto gani angemwambia mwalimu mawazo hayo, akijua kwamba neno linalofuata huenda likawa polisi? Hata katika vijiji vyetu familia zilizofiwa kwa njia hiyo zimebaguliwa katika mazishi, ingawa Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha kwamba matatizo mazito ya nafsi yaweza kupunguza wajibu wa aliyejiua, na kwamba Kanisa humwombea. Viongozi wa jumuiya ndogondogo walifundishe jambo hili mapema, kabla msiba haujafika.

Sasa tuje kwa yaliyo mikononi mwetu. Sehemu kubwa ya shule za umma nchini zina mfadhili, na katika nyingi mfadhili huyo ni Kanisa. Sheria ya mwaka 2013 inampa mfadhili wajumbe watatu katika Bodi ya Usimamizi ya shule. Wajumbe hao ni walei, ni nyinyi mnaosoma kurasa hizi. Tumeona wakizungumza kwa bidii juu ya misa ya shule, juu ya sare, juu ya zabuni ya maharagwe. Ni mara chache tumesikia mmoja wao akiuliza: mwalimu wa ushauri ana vipindi vingapi kwa juma, na vimepunguzwa vingapi ili apate nafasi ya kusikiliza? Ana chumba chenye mlango unaofungwa? Je, yeye pia ndiye anayeadhibu? Mtoto akizidiwa anapelekwa hospitali gani, na nani anayelipa nauli? Sheria hiyo hiyo inamruhusu mfadhili kuweka kasisi wa shule kwa gharama yake mwenyewe. Parokia iliyoweza kuchangisha fedha za kengele mpya haishindwi kumgharimia mshauri aliyefunzwa azuru shule zake tatu au nne, siku moja moja kwa juma.

Bodi zitakutana tena muhula ujao. Wajumbe watatu wayapeleke maswali hayo kwa maandishi, wadai yaingizwe katika kumbukumbu za mkutano, na wakirudi waeleze majibu waliyopewa mbele ya baraza la parokia, kama wanavyoeleza maendeleo ya ujenzi wa bweni.