Mama, hamia kiti cha nyuma

Nilipotea kidogo, nilikuwa nyumbani Misigiri kuwasalimia wazee. Kwa msiopajua (najua mpo wengi, mnapapita na basi la Mwanza mmelala), Misigiri ni pale njiapanda ya kwenda Kiomboi, wilaya ya Iramba, kabla barabara ya Singida–Nzega haijaanza kuteremka mlima Sekenke kuelekea Shelui. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapita hapo. Kuku wa kienyeji wapo, alizeti ipo, na harufu ya breki zilizoungua ipo pia.

Safari hii nimerudi na jambo ambalo nisipolisema litanikaba koo.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Kiinua mgongo kilipotoka alijenga vyumba viwili, kilichobaki akanunua Toyota Corolla ya mwaka 2003. Namba C, iliingia nchini 2012, ikatumika Dar miaka kadhaa kabla ya kuhamia Iramba. Ndilo gari la familia, na kwa kweli ni la mtaa mzima. Harusi lipo, msiba lipo, mjamzito akishikwa uchungu saa nane usiku mlango unaogongwa ni wa Mwalimu. Baba anaendesha, mama anakaa mbele kushoto. Kile kiti ni chake, hata wajukuu wanajua.

Kila nikienda huwa nalikagua, na kila mara nakuta magonjwa yale yale ya magari ya umri huu. Tembostati fundi aliing'oa zamani "ili lisichemke". Bushi zimekwisha, boljointi inagonga ukipita kwenye shimo. Mafuta ya breki meusi kama Coca-Cola. Hili la mafuta msilidharau, maana yanavuta unyevu kadiri yanavyozeeka, na yenye unyevu huchemka mapema. Shuka Sekenke umekanyaga breki mwanzo mwisho, halafu pedali ikawa laini kama godoro, ndipo utajua kwa nini wenye malori wanashuka na gia ndogo. Wenye otomatiki, zile herufi 2 na L hazikuwekwa pale kama mapambo.

Na matairi. Kashata bado zimo, baba anajivunia. Lakini soma namba nne za mwisho kwenye ule mstari ulioandikwa DOT ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Moja ya yetu ilisoma 2311, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2011. Tairi lina umri wa mtoto wa sekondari!

Hayo yote yanatibika, fundi yupo na spea zipo. Kilichonikosesha usingizi ni kitaa kidogo kwenye dashibodi.

Ukiwasha gari, taa ya eabegi inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Ndivyo gari linavyokuambia limejikagua na liko salama. Yetu haikuwaka kabisa. Nikamuuliza mzee.

"Ah, ile fundi aliitoa mwanangu. Ilikuwa inawaka muda wote, inasumbua macho."

Mgonjwa analalamika, daktari anamziba mdomo, halafu tunasema amepona.

Basi nikachukua kadi ya gari, nikaingia kwenye tovuti ya Toyota ya Japani, ule ukurasa wa kutafuta magari yanayoitwa kurudi kutengenezwa. Nikaingiza namba ya chasisi inayoanza na NZE121. Ukurasa ni wa Kijapani, lakini simu inatafsiri. Jibu lilikuja kabla mama hajamaliza kumimina chai: eabegi ya abiria wa mbele, marekebisho hayajafanyika.

Abiria wa mbele, yaani mama.

Kwa mliokuwa mmelala, kisa cha Takata ni hiki. Takata ilikuwa kampuni ya Kijapani iliyotengeneza eabegi kwa ajili ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda, BMW na wengine wengi. Eabegi hujaa kufumba na kufumbua kwa sababu ndani yake kuna kikopo cha chuma chenye kemikali inayoungua na kutoa gesi. Takata walitumia amonia nitreti, na katika vikopo vingi hawakuweka kitu cha kunyonya unyevu. Miaka inapita, joto na baridi vinapishana, unyevu unapenya, vidonge vya kemikali vinaharibika. Siku ya ajali vinaungua kwa kasi kuliko inavyotakiwa, kikopo kinapasuka, na kile kifaa cha kuokoa uhai kinamrushia abiria vipande vya chuma usoni na shingoni. Wala si lazima ajali iwe kubwa. Kugongana kidogo tu, ambako watu wangeshuka wakagombana na kuondoka, kunatosha.

Marekani peke yake wamethibitisha vifo 28 na mamia ya majeruhi. Vikopo vilivyoitwa kubadilishwa nchini humo ni karibu milioni 67, na duniani ni karibu milioni 100. Hakuna wito wa magari uliowahi kuwa mkubwa kuliko huo. Januari 2017 Takata ilikubali kukiri kosa la udanganyifu na kulipa dola bilioni 1. Juni mwaka huo huo ikatangaza kufilisika.

Sasa rudini kwenye Corolla yetu. Iliingia Tanzania 2012. Toyota walianza kuita magari yao kwa tatizo hili Aprili 2013. Likiwa limeshavuka bahari, nani angempelekea barua mwenye gari? Kwenye vitabu vya Japani lilishafutwa. Mwenye gari wa Dar alikuwa akiendesha Morogoro Road na redio yake, hana habari. Akaliuza, na kasoro ikahama pamoja na ufunguo.

Wajapani wenyewe hawakucheza na jambo hili. Kuanzia Mei 2018, magari yenye eabegi za Takata za hatari zaidi ambazo hazijarekebishwa walianza kuyanyima cheti cha ukaguzi, na kwao gari bila cheti hicho halikanyagi barabara. Lakini yaliyokuwa yameshaondoka ndiyo hivyo tena, yalishaondoka.

Mzee alinibishia, na hoja yake haikuwa ya kitoto. "Mwanangu, si umesema unyevu? Singida hapa unyevu uko wapi? Hata mahindi yanakauka yenyewe." Kweli, hatari ni kubwa zaidi kwenye joto na unyevunyevu, na Iramba si Tanga. Ila gari hili halikuzaliwa Iramba. Lilikaa Japani miaka tisa, na majira ya joto ya kule ni ya jasho. Likaja na meli, kisha likakaa Dar. Kilichokwisha haribika ndani ya kile kikopo hakirudi kuwa kizima kwa kuhamia Misigiri.

Nikapiga simu gereji moja kubwa Dar (jina kapuni). Dada wa mapokezi alikuwa mstaarabu sana: "Kaka, gari hilo si sisi tuliouza." Nikapiga ya pili, wakaniambia watanipigia. Mpaka leo nasubiri. Fundi wa Misigiri yeye alikuwa na suluhisho la haraka: atafungua, atoe, anunue nyingine used Gerezani. Nikamwomba asiguse. Kwanza ile ni baruti, haichokonolewi na bisibisi. Pili, eabegi ya kutoka kwenye gari lililokatwa inaweza kuwa Takata ile ile.

Sasa niseme ninachotaka kusema.

Kila hili likizuka, utasikia watu wanataka tupige marufuku magari ya zamani kama majirani. Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, Uganda tangu 2018 mwisho ni miaka 15. Sisi tunatoza ushuru wa ziada gari likiwa na umri mkubwa. Mimi nasema umri tunaupima, lakini hilo si jibu la swali hili. Gari la miaka saba linaweza kuja na wito ambao haujatekelezwa, na la miaka ishirini likawa lilishatengenezwa. Mkipiga marufuku, Mwalimu mstaafu wa Misigiri hatanunua gari jipya. Atarudi kwenye bodaboda, na yule mjamzito wa saa nane usiku atapanda naye.

Kinachotakiwa ni kitu kidogo kuliko marufuku. TRA wanayo namba ya chasisi ya kila gari lililosajiliwa. Bima wanayo. TBS ndio wenye jukumu la viwango vya magari yaliyotumika. Namba ile ile ndiyo inayojibu swali ndani ya dakika moja, bure. Basi iwe sharti: gari la mtumba lisiandikishwe kabla muuzaji hajaonyesha kwamba halina wito ambao haujatekelezwa. Yaliyokwishaingia yapitiwe kwa namba, na mwenye gari apate ujumbe wa simu. Tunatumiwa ujumbe wa bahati nasibu kila siku, huu wa uhai unashindikana nini? Na watengenezaji waulizwe kwa sauti ya serikali, si sauti ya mtoto wa Mwalimu mwenye vocha ya elfu moja, nani atayarekebisha hapa nyumbani magari ambayo faida yake walishaila.

Mpaka hayo yatokee (msikae mkisubiri), fanya haya wewe mwenyewe. Chukua kadi ya gari, tafuta namba ya chasisi kwenye tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji. Usihangaike na tovuti ya Wamarekani, ile inataka namba yenye tarakimu na herufi 17, na gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina. Usidanganywe na jina la gari, kinachoamua ni chasisi. Washa gari uone kama taa ya eabegi inawaka na kuzima. Kama haiwaki kabisa, uliza nani aliitoa. Kama kasoro ni ya upande wa abiria, kiti kile kibaki wazi. Kama ni ya usukani, kiti cha kuhamia hakipo. Liegeshe mpaka upate mtu mwenye ujuzi wa kazi hiyo.

Siku ya kuondoka walinisindikiza mpaka stendi. Mama akaenda mlango wa mbele kwa mazoea, akashika kitasa, akasita. Akanitazama, kisha akafungua mlango wa nyuma akaingia bila kusema neno. Baba akawasha gari. Njia nzima kile kiti kilikuwa kitupu, na mzee, ambaye huwa haishiwi maneno, hakusema kitu mpaka tulipofika.

Akanipa mkono. "Ukifika Dar, wapigie tena hao watu."

Nimewapigia leo asubuhi. Bado nasubiri.